Programu za ofisi kwa kompyuta na tableti za nyumbani: Namna ya kuchagua bila kuumiza mfuko

KOMPYUTA ikishanunuliwa na kufikishwa nyumbani, familia nyingi hudhani kuwa gharama imekwisha. Haupiti muda kabla ya mtoto kuhitaji kuandika insha ya kupeleka shuleni, mama kuhitaji kupanga hesabu za chama, na kijana aliyemaliza chuo kuhitaji kutayarisha wasifukazi wa kuombea ajira. Hapo ndipo inapobainika kuwa chombo chenyewe hakitoshi. Sharti kiwe na programu za kufanyia kazi hizo, na baadhi ya programu huuzwa kwa bei inayokaribia ya tableti nzima.

Matokeo yake huwa mojawapo ya mawili. Kuna wanaolipa kila mwaka kwa ajili ya huduma wasizozitumia, na kuna wanaompa fundi wa mtaani shilingi mia kadhaa awawekee nakala isiyo halali. Njia zote mbili zaweza kuepukwa. Kwa kazi za kawaida za nyumbani, zipo programu halali zisizolipiwa hata senti moja. Na hata pale malipo yanapolazimu, hesabu fupi yaweza kupunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Jambo la msingi ni kuanza na kazi zinazofanywa nyumbani na vyombo vilivyopo, wala si jina la programu lililozoeleka.

Programu za ofisi ni zipi?

Kwa desturi, jina hili hutumiwa kurejelea kundi la programu tatu kuu zinazouzwa au kutolewa kwa pamoja. Ya kwanza ni ya kuandikia barua, insha na ripoti. Ya pili ni ya lahajedwali, yaani majedwali yanayojumlisha na kukokotoa tarakimu yenyewe, ambayo hufaa kwa bajeti ya nyumba, hesabu za chama au rekodi za duka. Ya tatu ni ya mawasilisho, inayotumiwa kupanga maneno na picha za kuonyeshwa mbele ya hadhira.

Kundi linalojulikana zaidi ni Microsoft Office, lililoanza kuuzwa mwaka wa 1989, lenye Word, Excel na PowerPoint. Umaarufu wake umewafanya watu wengi kuyachukulia majina hayo kuwa ndiyo majina ya kazi zenyewe. Hata hivyo, kuna programu nyingine kadhaa zinazofungua na kuhifadhi faili za aina hiyo hiyo.

Orodhesha mahitaji kwanza

Kabla ya kulipa au kupakua chochote, inafaa familia ijibu maswali manne.

Swali la kwanza ni kazi gani hasa itakayofanywa. Mwanafunzi wa sekondari anayeandika insha na kuchora jedwali moja hahitaji sawa na mhasibu anayeleta kazi nyumbani.

La pili ni idadi na aina ya vyombo vilivyopo. Leseni moja inayofaa kipakatalishi cha Windows huenda isifae tableti ya Android au iPad.

La tatu ni hali ya intaneti. Programu zinazofanya kazi ndani ya kivinjari ni rahisi kutumia, lakini familia inayonunua data kwa vipimo vidogo vidogo huenda ikajikuta ikilipia kila ukurasa unaofunguliwa. Nyumba ya aina hiyo itafaidika zaidi na programu iliyowekwa ndani ya kompyuta yenyewe.

La nne ni nani atakayepokea hati. Ikiwa barua itachapishwa au kutumwa kwa muundo wa PDF, programu yoyote inafaa. Lakini ikiwa mwajiri au mhadhiri ataifungua katika Word na kuirudisha ikiwa na masahihisho, basi uwezo wa kuelewana na Word huwa jambo la kuzingatiwa sana.

Hesabu ya miaka mitano

Programu za kulipia huuzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua mara moja na kutumia toleo hilo kwenye kompyuta moja. Ya pili ni kulipa kila mwezi au kila mwaka, na kupata kila toleo jipya mradi malipo hayajakatizwa.

Mwaka wa 2025, nchini Marekani, Office Home 2024 iliuzwa kwa dola 149.99 kwa kompyuta moja. Usajili wa Microsoft 365 wa mtu mmoja ulikuwa dola 99.99 kwa mwaka, na ule wa familia, unaoruhusu hadi watu sita, dola 129.99. Bei hizi za usajili zilipandishwa Januari 2025, kutoka dola 69.99 na 99.99 mtawalia, baada ya kampuni hiyo kuongeza huduma za akili bandia.

Kwa kukadiria dola moja kuwa Sh130, picha huwa hivi. Kununua mara moja kwa kompyuta moja ni takriban Sh19,500, na kwa kompyuta tatu ni Sh58,500. Usajili wa mtu mmoja ni Sh13,000 kwa mwaka, sawa na Sh65,000 kwa miaka mitano. Ule wa familia ni Sh16,900 kwa mwaka, au Sh84,500 kwa miaka mitano. Bei za hapa nchini zaweza kutofautiana na hizo, na huduma za kidijitali zinazotoka ng'ambo hutozwa kodi ya VAT ya asilimia 16.

Hesabu hiyo inafunza mambo mawili. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja, kununua mara moja ni nafuu kuliko usajili wa miaka miwili. Kwa upande mwingine, ikiwa watu sita wanautumia kikamilifu usajili wa familia, kila mmoja hugharimu takriban Sh2,800 kwa mwaka, na hupata nafasi yake ya kuhifadhi faili mtandaoni ya terabaiti moja. Usajili huo huwa ghali pale tu unapolipiwa na kutumiwa na mtu mmoja au wawili.

Anayenunua mara moja anapaswa pia kujua kuwa toleo lake lina umri. Matoleo ya Office ya 2016 na 2019 yaliacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 14, 2025, na lile la 2024 limewekewa mwisho wake Oktoba 2029. Programu haizimiki siku hiyo, ila dosari za kiusalama zinazogunduliwa baadaye hazizibwi tena.

Anayelipa kila mwaka naye ana la kutahadhari. Malipo yakikatizwa, hati zilizo ndani ya kompyuta hufunguka na kuchapishwa, lakini programu hukataa kuzihariri. Aidha, ni vyema kusoma kwa makini kabla ya kukubali bei mpya. Oktoba 2025, tume ya kulinda wateja ya Australia iliishtaki Microsoft, ikidai kuwa wateja hawakuelezwa waziwazi kwamba wangeweza kubaki na mpango wa zamani, usio na akili bandia, kwa bei ya awali.

LibreOffice: kamili na bila malipo

Kwa familia yenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux, programu ya kwanza kufikiriwa ni LibreOffice. Ni programu huria, maana yake kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa mwingine bila kuvunja sheria. Ina Writer ya kuandikia, Calc ya lahajedwali, Impress ya mawasilisho, Draw ya michoro, Base ya hifadhidata na Math ya kuandika milinganyo ya hisabati.

Asili yake ni StarOffice, iliyobuniwa Ujerumani. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua mwaka wa 1999, na mwaka uliofuata ikauachia umma msimbo wake. Huo ukawa mwanzo wa OpenOffice.org. Baada ya Sun kununuliwa na Oracle mwaka wa 2010, wengi wa wahandisi wa kujitolea walijitenga na kuanzisha LibreOffice chini ya wakfu wa The Document Foundation. OpenOffice bado inapatikana chini ya wakfu wa Apache, lakini masasisho yake yamekuwa machache, na kwa hivyo anayeanza leo ni heri achague LibreOffice.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kuijua historia hii. Mnamo Desemba 2004, mradi wa Kilinux ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo lililotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria, na hakuna aliyelazimika kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue iwapo lugha hii ina soko. Kiswahili kingali miongoni mwa lugha za LibreOffice, ingawa si kila neno la menyu limetafsiriwa.

Wapo wanaoshuku kuwa kitu kisicholipiwa hakiwezi kuwa imara. Mifano yaonyesha vingine. Polisi wa Gendarmerie nchini Ufaransa walianza kuhamia OpenOffice mwaka wa 2005. Aprili 2024, jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani liliamua kuhamisha kompyuta 30,000 za serikali kutoka Microsoft Office hadi LibreOffice.

LibreOffice hupakuliwa mara moja, na faili yake kwa Windows ni mamia kadhaa ya megabaiti. Baada ya hapo hufanya kazi bila intaneti. Familia isiyo na data ya kutosha yaweza kuipakua mahali penye mtandao wa bei nafuu, kuiweka kwenye kiweko cha USB na kuisambaza kwenye kompyuta zote za nyumbani. Kuhusu kompyuta kuukuu, toleo la 25.8 lililotoka Agosti 2025 halifanyi kazi kwenye Windows 7 wala 8. Chombo cha aina hiyo chaweza kupewa uhai mpya kwa kuwekewa Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo huja na LibreOffice ndani yake.

Programu za mtandaoni

Google ilianza kutoa huduma ya kuandika na kukokotoa mtandaoni mwaka wa 2006. Leo, yeyote mwenye akaunti ya Gmail ana Docs, Sheets na Slides bila malipo, pamoja na nafasi ya gigabaiti 15 inayogawanywa kati ya barua pepe, faili na picha. Microsoft nayo hutoa Word, Excel na PowerPoint nyepesi ndani ya kivinjari bila malipo, pamoja na gigabaiti tano.

Faida kuu ya huduma hizi ni kuwa kazi hujihifadhi yenyewe. Stima ikipotea ghafla, aya iliyoandikwa dakika moja iliyopita haipotei. Isitoshe, insha iliyoanzwa kwenye kompyuta huendelezwa kwenye simu, na mweka hazina wa chama huweza kuwaonyesha wanachama wote jedwali moja badala ya kutuma nakala kumi zinazopingana.

Docs huweza kutumiwa pia bila intaneti, mradi hati husika zimetayarishwa mapema kwa matumizi hayo. Hata hivyo, kuna masharti ya kukumbukwa. Nafasi ikijaa, barua pepe mpya huanza kukataliwa. Na tangu Desemba 2023, Google imekuwa na kanuni ya kufuta akaunti za kibinafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili. Mzazi aliyehifadhi hati muhimu katika akaunti asiyoifungua kamwe ajue kuwa anazihatarisha.

Wanafunzi wana nafasi nyingine ambayo mara nyingi hupuuzwa. Microsoft na Google hutoa mipango ya bure kwa shule na vyuo vinavyotimiza masharti, na mwanafunzi huipata kupitia anwani ya barua pepe ya taasisi yake. Ni vyema kuuliza chuoni kabla ya kutoa pesa mfukoni. Lakini anwani hiyo yaweza kufungwa mwanafunzi anapohitimu, kwa hivyo faili zinapaswa kuhamishwa mapema.

Tableti zina mambo yake

LibreOffice haijatengenezewa tableti kama ilivyotengenezewa kompyuta. Binamu yake, Collabora Office, inayotokana na msimbo huo huo, hupatikana bila malipo kwa Android na iPad tangu 2020. Programu za Google nazo hufanya kazi vizuri kwenye tableti za aina zote mbili.

Wenye iPad wana Pages, Numbers na Keynote za Apple bila malipo ya ziada. Kasoro yake ni kuwa faili za muundo wa Pages hazifunguki katika Word. Kabla ya kumtumia mtu mwingine, hati inapaswa kugeuzwa kuwa ya muundo wa Word au PDF.

Microsoft ina kanuni yake kuhusu ukubwa wa skrini. Matumizi ya nyumbani ya Word, Excel na PowerPoint kwa shughuli za msingi huruhusiwa bila malipo kwenye skrini zisizozidi inchi 10.1. Tableti kubwa kuliko hapo huhitaji usajili ili kuhariri. Tofauti ya inchi moja dukani basi yaweza kuzaa gharama ya kila mwaka, na mnunuzi afanye vyema kuuliza kipimo cha skrini kabla ya kulipa.

WPS Office ya kampuni ya Kingsoft ya China nayo imeenea kwenye simu na tableti. Toleo lake la bure hufanana sana na Word, lakini hujigharimia kwa matangazo, na baadhi ya huduma zake hufungwa hadi mtumiaji alipie.

Pale faili zinapokataa kuelewana

Malalamiko makubwa dhidi ya programu za bure ni kuwa hati "huvurugika" ikifunguliwa kwingine. Mara nyingi chanzo chake ni fonti. Fonti iliyotumiwa isipokuwepo katika kompyuta ya pili, nyingine huchukua nafasi yake, herufi hupanuka au kubana, na ukurasa mmoja huwa ukurasa na nusu. LibreOffice huja na Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri, na Liberation, yenye vipimo sawa na Arial na Times New Roman. Anayeandika hati ya kupelekwa kwingine atumie fonti hizo za kawaida.

Jambo la pili ni muundo wa faili. Muundo asilia wa LibreOffice ni ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa tangu 2006. Word huufungua, lakini kwa kuwa wapokeaji wengi wamezoea faili za docx, LibreOffice yaweza kuamrishwa ihifadhi kila hati kwa muundo huo. Wasifukazi, barua za maombi na risiti ni heri zitumwe kwa PDF, ambayo haibadilishi sura popote inapofunguliwa.

Jambo la tatu ni makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya faili ya Excel ili kukagua au kukokotoa. Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, kwa miaka mingi imetoa fomu za kupakua za aina hiyo. Makro hizo hazifanyi kazi katika Excel ya simu, ya tableti wala ya kivinjari, na LibreOffice huendesha baadhi tu ya makro za Excel. Wafanyakazi wenye mshahara pekee wamewekewa fomu ya kujaza moja kwa moja katika tovuti ya iTax. Lakini mwenye biashara anayejaza fomu ya kupakua, au anayepokea faili kama hizo kazini kila wiki, ana sababu halisi ya kulipia Excel kamili.

Hatari ya nakala haramu

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huzihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, sawa na vitabu. Anayezinakili na kuziuza bila idhini aweza kushtakiwa, kutozwa faini au kufungwa.

Lakini hata kabla ya kufika mahakamani, hasara iko nyumbani. Ili nakala haramu ikubali kufunguka, kwa kawaida huhitaji programu nyingine ndogo ya kuhadaa ukaguzi wa leseni, na mara nyingi mtumiaji hutakiwa kuzima kinga ya virusi kwanza. Ni sawa na kumfungulia mgeni asiyejulikana mlango wa nyuma usiku. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye nywila za benki, picha za watoto na nakala za vitambulisho. Hali kadhalika, leseni zinazouzwa kwa bei ya kutupa mtandaoni zaweza kuwa zilitolewa kwa mashirika, na huweza kufutwa wakati wowote bila mnunuzi kurudishiwa pesa zake.

Uamuzi kwa kila nyumba

Nyumba yenye kipakatalishi kimoja cha mwanafunzi na intaneti ya kubahatisha itatoshelezwa na LibreOffice. Yenye tableti za Android na simu pekee itafaidika na Docs na Sheets, huku hati za kila siku zikitayarishwa kwa matumizi ya nje ya mtandao. Yenye vyombo vya Apple tupu ianze na programu zilizokuja navyo. Ile ambayo watu watano au sita hubadilishana faili za Word na Excel na waajiri kila siku ndiyo inayopata thamani ya usajili wa familia. Na mtu mmoja anayehitaji Excel kamili kwenye kompyuta moja ni heri anunue mara moja.

Hakuna ulazima wa kuchagua moja na kuzitupa nyingine. LibreOffice huweza kukaa katika kompyuta moja na programu nyinginezo bila kugombana. Njia ya busara ni kuijaribu kwa mwezi mmoja kwa kufungua hati halisi za nyumbani. Ikiwa hakuna kazi iliyokwama, hakuna haja ya kulipa. Ikiwa kazi fulani imekwama, familia itajua hasa inacholipia.

Hatimaye, programu yoyote itakayochaguliwa haiwezi kuokoa faili iliyokuwa mahali pamoja tu wakati kompyuta ilipoibwa au kuanguka. Nakala moja ikae kwenye kompyuta na nyingine mtandaoni au kwenye kiweko cha USB kinachohifadhiwa kando. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na katika suala hili mkono wa familia ya kipato cha kawaida hufika mbali kuliko wengi wanavyodhani.